Namba Moja Iliyorudi Nyuma

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, na kabla ya lolote nauliza: miguu yako inaendeleaje na hizo zamu za kusimama wodini? Kikohozi kile kimekuachia? Na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma, bado anasema si yeye? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na uache kujifanya hujaona meseji zake. Kuhusu Baba nitafika.

Najua utashangaa kupata bahasha kutoka kwangu wakati simu zipo. Lakini unanijua. Kwenye simu mimi ni “ndiyo”, “eeh”, “haya”, halafu nampa Mama. Hamkuniita Kimya bure. Haya ninayotaka kukuambia ni marefu. Nakuomba uyasome yote kabla hujamtafutia Shangazi daktari huko kwenu, na kabla hujakata tiketi ya kuja kumchukua. Tafadhali Dada, usikate tiketi.

Nianze na gari, maana bila gari huwezi kunielewa.

Lile gari la Baba la kufundishia, ulilojifunzia hata wewe, lenye breki upande wa mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, injini yake ya petroli ilikufa kabisa. Baba alizunguka kutafuta nyingine kama ile akachoka, kwa sababu gari lenyewe limenizidi umri na vipuri vyake vimebaki kwenye hadithi. Ndipo Fundi Bado Kidogo akajitokeza. Unamkumbuka? Ni yule aliyechukua pasi ya Mama akasema imebaki bado kidogo, na mpaka leo tunakunja nguo chini ya godoro. Akasema anayo injini ya dizeli, imetoka kwenye gari la mizigo lililopinduka, kubwa karibu mara mbili ya ile iliyokufa. Haina kompyuta, haina waya nyingi, pampu yake ni chuma kitupu, ukiipa dizeli na hewa haikuulizi kitu kingine.

Mama alisema hiyo ni sawa na kumvalisha mtoto wa chekechea viatu vya askari. Baba akamjibu kwamba miaka yote ya kufundisha amechoshwa na jambo moja, wanafunzi kuzimisha gari mlimani, na injini yenye nguvu namna hiyo itapanda hata na mwanafunzi aliyesahau kukanyaga mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake yote, Dada. Alitaka gari lisiwazimikie watu mlimani.

Basi wakaifunga. Nilipokuwa nikipeleka chakula gerejini niliona jinsi walivyohangaika. Matundu ya injini mpya hayakukutana na ya giaboksi ya zamani, ikabidi lichongwe bamba nene la chuma kati yake, kama mshenga. Vishikizo vya injini vikachomelewa upya. Pua ya gari ikainama kwa uzito, ukiliona utadhani linatafuta kitu kilichodondoka, wakaweka springi ngumu. Rejeta kubwa ya kupoza injini ikapenyezwa kwa kukata bati, na boneti mpaka leo haifungi bila kupigwa ngumi. Siku lilipowaka, kikombe cha chai cha fundi kilitembea chenyewe juu ya meza. Baba alicheka kama mtoto. Likakaguliwa, likapita, kazi zikaanza.

Mwanafunzi aliyemjali kuliko wote ni Shangazi. Hili nusu unalijua. Shule anakopikia inaleta basi dogo la watoto, na mwalimu mkuu alimwambia akipata leseni atoke jikoni, aendeshe yeye, kwa kuwa watoto wanamheshimu na kifua chake hakiwezi tena moshi wa kuni. Shangazi alianza kutembea kama mtu aliyekwisha kupewa funguo. Hata akikukuta njiani anakuuliza umetazama kioo kabla hujakata kona.

Siku yenyewe nilikuwa natoka masomo ya ziada, wakanikuta barabarani wakanipakia nyuma. Baba akasema leo ni mlima wa kinyozi. Unaujua, ule mfupi uliosimama kama ngazi, kinyozi yuko chini yake. Shangazi alipanda mpaka katikati, Baba akamwambia asimame kisha aondoke. Akaachia klachi kwa haraka, gari likazima. Akaikanyaga, gari likaanza kuteleza kurudi nyuma. Akaogopa, akaiachia tena huku tunateleza. Gari likashtuka, ngurumo ikarudi, akakanyaga klachi na breki tukasimama. Baba akasema vizuri, umeliokoa, liko hai, sasa taratibu, namba moja, ongeza mafuta, achia.

Dada, nilikuwa nimekaa katikati, nimeegemea mbele kati ya viti. Niliuona mkono wa Shangazi. Aliisukuma gia kushoto, akaipeleka juu, kama anavyofundishwa kila mtu. Namba moja. Rivasi kwenye gari lile iko kulia kabisa na chini, huwezi kuifikia kwa bahati mbaya. Akaongeza mafuta, akaachia klachi, na gari likaenda nyuma.

Halikuteleza. Lilienda. Kwa nguvu, kama limeitwa. Shangazi alishikwa na woga akazidi kukanyaga mafuta ili lipande, nalo likazidi kushuka. Baba alikanyaga breki yake mpaka akainuka kwenye kiti, lakini injini ile haikubembelezeka, ilituburuta breki zikilia. Injini ndogo ya zamani ingekuwa imezima palepale. Tulivunja kibao cha kinyozi na kona ya ukuta wake ndipo likakoma. Moshi mweusi ulikuwa umetufunika mbele, hatuoni kioo. Kinyozi akatoka na mashine mkononi, na nyuma yake mteja mwenye nywele upande mmoja tu, ameshika shuka shingoni. Kinyozi alipomtambua Baba akamuuliza, Mwalimu, siku hizi unafundisha kwa kinyumenyume?

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alimgeukia Shangazi, dada yake wa tumbo moja, akampigia kelele mbele ya mtaa mzima kwamba ameingiza rivasi. Sijawahi kumsikia Baba akipaza sauti kwa mwanafunzi. Shangazi alisema, “Kaka, niliweka moja.” Baba akasema namba moja hairudishi gari nyuma, haijawahi tangu magari yaanze. Mimi nilisema pia. Kwa sauti ile yangu unayoijua, lakini nilisema: ilikuwa moja. Baba akaniambia ninyamaze, najua nini kuhusu gari. Shangazi akauangalia mkono wake. Aliuangalia kama kitu alichokiokota.

Sasa fikiria yaliyofuata, maana wewe uliyasikia kwenye simu kwa mdomo wa Baba tu. Unakumbuka Bibi alivyoanza. Alianza na vitu vidogo, chumvi kwenye chai, kandambili ndani ya jokofu, halafu akasahau njia ya nyumbani, mwisho akawa anamwita Baba kwa jina la Babu na kumuuliza ametoka kazini saa ngapi. Baba na Shangazi ndio waliomwogesha mpaka alipofariki. Kwa hiyo Shangazi alipokaa peke yake na swali lile, jibu alikuwa nalo tayari. Aliniambia jikoni kwake, anakwangua sufuria isiyo na kitu, kwamba yeye angeapa mbele ya yeyote kuwa aliweka moja. Na Bibi naye angeapa kuwa Babu yuko kazini.

Kuanzia hapo alijivua mwenyewe kidogo kidogo. Alimwambia mwalimu mkuu atafute dereva mwingine. Kisha akaacha hata kupika, akisema siku moja atasahau moto na watoto wa watu wataungua. Funguo za nyumba akampa Mama. Nikimkuta anasimama mlangoni anajiuliza kwa sauti: nimefunga bomba? nimefunga. Nimefunga kweli? Wewe ukamwambia Baba kwamba hizo ni dalili, na utakuja mwisho wa mwezi kumchukua akaishi huko karibu na madaktari. Sikulaumu, ungejuaje? Shangazi alikubali. Alikuwa ameanza kugawa vyombo, Dada. Lile bakuli lenye maua ya buluu analo Mama, analificha ili macho yake yasilione.

Gari lilipelekwa kwa fundi kunyooshwa nyuma, na Baba hakuonyesha haraka ya kulirudisha. Wanafunzi walipouliza aliwaambia wasubiri. Alitembea kwa miguu kila mahali. Tulidhani ni aibu.

Juzi Jumamosi Mama alinituma gerejini kuuliza limefikia wapi. Fundi akasema bado kidogo, kisha akaanza kulalamika kwamba injini imekuwa nzito na inatoa moshi, wakati yeye aliifunga na chujio jipya la hewa. Akafungua kopo la chujio, akalitoa, akaligeuza kwenye mwanga. Chujio huwa linachafuka upande wa nje, vumbi linapoingia. Lile kwa nje lilikuwa safi. Ndani, upande unaotazama injini, lilikuwa jeusi tititi, ukigusa unapata masizi kama ya chungu.

Akajisemea, nani kaniwekea moshi humu? Nami nikajikuta nimesema kwamba siku ile moshi ulitoka mbele, sio nyuma. Akaniuliza nirudie. Nikarudia. Akaniuliza taa ya oili iliwaka? Iliwaka, nyekundu, nilidhani ni kwa sababu tumegonga. Na mlio? Nilitafuta neno nikakosa. Unajua shuleni mambo ya injini tunayasoma kwa lugha ile nyingine, na nyumbani tunagombana kwa Kiswahili, kwa hiyo kila nikitaka kueleza jambo hili nusu yake iko chumba kingine. Nikamwambia ulikuwa mlio wa mtu anayeongea huku anavuta pumzi.

Fundi Bado Kidogo alikaa chini kwenye tairi. Hakufanya mzaha. Akanieleza kwamba petroli inahitaji cheche, na cheche inakuja kwa wakati wake tu, ndiyo maana injini ya petroli ukiizungusha kinyume inakataa. Dizeli haihitaji cheche. Inajiwasha kwa kubanwa, na ile ya pampu ya chuma haijali imezungushwa upande gani. Gari likizima mlimani, likateleza nyuma likiwa kwenye namba moja na klachi ikaachiwa, magurudumu yanaweza kuizungusha injini kinyume ikawaka hivyohivyo. Hapo inavuta hewa kwenye ekzosi, lile bomba la moshi la nyuma, na kutapika moshi mbele kwenye chujio. Pampu ya oili nayo inazunguka kinyume, haipandishi oili. Na gia zote zinageuka: namba moja inakwenda nyuma, rivasi inakwenda mbele. Alikuwa amewahi kusikia kwa wazee wa malori, hakuwahi kuona, na hakuwaza hata kidogo kwamba ameifunga kwenye gari ambalo kazi yake ni kuzimwa mlimani kutwa nzima.

Nililiweka chujio kwenye mfuko wa plastiki nikakimbia nyumbani.

Baba alikuwa uani ananyoa ndevu kwa kioo kile kilichopasuka. Nilimpa mfuko, nikamweleza yote, na nilieleza vibaya, nikianzia mwisho. Nilitegemea atabisha. Au atafurahi, atavaa viatu akimbilie kwa Shangazi. Hakufanya hata kimoja. Aliingiza kidole ndani ya chujio, akaangalia yale masizi, na uso wake, nusu una povu, ukaanza kulia. Nasema uso, maana mwenyewe alikuwa kama hajui.

Kisha akaniambia. Nakuandikia alivyosema, usimchukie. Wiki moja kabla ya Shangazi, alikuwa peke yake mlima uleule. Alisimama katikati kupisha mkokoteni, mguu wake haujaizoea klachi mpya, gari likamzimikia, likateleza, akaachia, likawaka. Akaweka namba moja, likaenda nyuma. Hakukuwa na kitu nyuma yake. Alizima ufunguo, akakaa pale mpaka jasho likakauka. Alipowasha tena likaenda sawasawa. Mwalimu wa udereva, Dada, mtu aliyefundisha nusu ya mji, anaamini ameweka moja kumbe ameweka rivasi. Naye akamkumbuka Bibi. Hakumwambia Mama, hakumwambia mtu.

Siku ya Shangazi, Baba aliuangalia mkono wa dada yake kwenye gia. Aliona namba moja. Aliona vizuri kama nilivyoona mimi. Akasema moyoni, yamezidi, sasa naona hata visivyopo. Akaogopa kwamba akisema ilikuwa moja, watu watajua ni yeye anayepotewa na akili kama Bibi. Kwa hiyo akasema rivasi.

Sikujua mtu anaweza kumshangaa baba yake mzazi namna hiyo, kama amekutana naye dukani. Na bado nilitaka kumfuta lile povu.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, tulikwenda wote kwa Shangazi. Baba alimweleza mwenyewe, amesimama, hakukubali kiti. Shangazi alisikiliza habari ya injini mpaka mwisho bila kupepesa. Baba alipofika pale pa kuuona mkono, Shangazi alimwambia asimame hapo. Akamuuliza, uliona? Baba akasema niliona. Shangazi akamwambia, ukaniacha nigawe sahani zangu.

Mama alianza kusema tumshukuru Mungu, Shangazi akamwambia wifi yangu, ngoja kwanza, shukrani zinakuja.

Halafu akasema hataki chujio, hataki maelezo. Anataka kwenda mlimani kesho na gari lilelile, na lifanye tena, mikononi mwake, na Baba pale alipokuwa, na mimi nyuma nilipokuwa. Fundi alipoambiwa alikaribia kulia. Alisema injini imekwisha kuzunguka kavu mara mbili, ya tatu itakwama, itakufa, na injini kama ile haipatikani. Shangazi alimwambia, kijana, ni akili yangu au injini yenu, chagueni. Baba akamkabidhi ufunguo.

Basi jana tulikwenda. Kinyozi alikuwa ameondoa viti vyake na kibao kipya, akasimama mbali na wateja wake, safari hii wote wamenyolewa pande zote. Fundi alipiga boneti ngumi ikafunga, akaweka mawe makubwa ya kuzuia pale chini. Shangazi alipanda mpaka katikati, akasimama, akazimisha makusudi. Akaliacha liteleze, akaachia klachi. Mara ya kwanza lilikataa. Mara ya pili likashtuka, na ule mlio ukaja, wa mtu anayeongea huku anavuta pumzi. Moshi ukafumuka mbele. Taa nyekundu ikawaka.

Shangazi alikanyaga klachi na breki, akasukuma gia kushoto, akaipeleka juu. Mkono ukabaki palepale. Akasema, “Kaka, soma.”

Baba akasema namba moja.

Akaachia klachi, tukaanza kurudi nyuma, taratibu, na kinyozi chini akapiga ukelele. Shangazi hakuangalia nyuma. Alimwangalia Baba. “Sema tena.”

“Namba moja.”

“Watu wasikie.”

Baba akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akapiga kelele kama kondakta kwamba dada yangu ameweka namba moja, ameweka namba moja na gari linarudi nyuma. Shangazi akanitafuta kwenye kioo. Akauliza, na wewe Kimya? Dada, nilipiga kelele. Sijui sauti ile ilikuwa wapi siku zote. Nilisema moja, ni moja, niliona toka siku ile, ni moja, nikashindwa kuacha, nilikuwa bado nasema wakati injini ilipogonga mara mbili kama mtu anayebisha hodi, ikakwama, na gari likakaa kimya juu ya mawe.

Na hapa nakuambia nililokuwa sijamwambia mtu. Siku ile Baba aliponinyamazisha, na namba moja bado iko machoni pangu, niliamini ni mimi. Nilihesabu: Bibi, sasa Shangazi, na mimi, mapema kuliko wote. Kila nilipolala nilikuwa nataja majina ya wanafunzi wenzangu kwa mpangilio wa madawati, kuona kama kuna anayekosekana. Tulikuwa watatu ndani ya gari moja. Wote watatu tuliona kitu kilekile kwa macho mazima, na kila mmoja akarudi nyumbani kimya akidhani yeye ndiye anayepotea. Ndicho kinachonishtua mpaka sasa, kuliko injini. Nikiwa naandika nasimama, natazama ukuta.

Fundi anasema injini imekwisha, hafungui hata kuangalia. Baba anatafuta ndogo ya petroli, na wakati huo mwalimu mwenzake atamwazima gari. Shangazi amerudi jikoni shuleni leo asubuhi, na mwalimu mkuu amesema basi halijampata mtu. Kumsamehe Baba bado hajafika. Baba akimsalimia anajibu, basi. Mama anasema tumwache. Baba ametoka sasa hivi na kiti chake, amekwenda kukaa kwenye kibaraza cha Shangazi, nje, anasubiri afunguliwe.

Kwa hiyo Dada, usije kumchukua Shangazi. Njoo utusalimie tu, na ukifika mpigie hodi yeye kwanza kabla yetu. Akikuambia jambo, mwamini.

Msalimie mwenzako mkoromaji, na wauguzi wote wanaonijua kwa sura. Mama anakupigia kesho, jifanye hujasoma hii mpaka nimwambie. Jilinde, lala vya kutosha, nami nakuombea mema usiku na mchana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kimya